Yule Dada Mkubwa Hajafika

Mdogo wangu wa mwisho ndiye aliyechagua mahali. Mie ningechagua nyumbani kwetu Temeke, nipike wali na kuku, mgeni akae kwenye kochi nililolishona mwenyewe, mambo yaishe. Lakini alisema mama wa mchumba wake hawezi kuja kwetu kabla ya washenga, na sie hatuwezi kwenda kwao Kimara kujipeleka, kwa hiyo tukutane mahali ambapo hakuna mwenyeji. Mahali hapo pakawa mgahawa wa Kimeksiko mjini, ambako yeye na mchumba wake wanaendaga wakipokea mshahara.

"Kimeksiko ndiyo nini?" nilimuuliza.

"Chakula tu, Dada. Mahindi na maharage."

"Kwa hiyo kande."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, kande. Kande za mjini."

Kilichokuwa kinatupeleka huko tulikijua wote. Mama wa kijana alikuwa amemwambia mwanawe kwamba hawezi kutuma washenga kwenye nyumba asiyoijua. Binti alishamwona na kumpenda. Sasa alitaka kumwona aliyemlea. Baba yetu alitangulia, mama akafuata nilipokuwa kidato cha pili, na baada ya arobaini sikurudi darasani. Mdogo wangu wa kiume siku hizi anaendesha lori la Tunduma. Huyu wa mwisho, ambaye mama alimwacha angali anabebwa mgongoni, anafanya kazi ofisi ya bima na anavaa kitambulisho shingoni. Kwa hiyo anayekwenda kutazamwa nilikuwa mimi. Yule mama akiridhika na mimi, washenga wangekuja. Asiporidhika, mdogo wangu ndiye angelipia.

Wiki ile kwenye karakana ya makochi, huko Chang'ombe ninakofanya kazi, nilishona mkono wa kochi ukatazama nyuma. Fundi mwenzangu akaniuliza, "We, anayeolewa ni mdogo wako au wewe?" Nikamwambia anipishe nifumue.

Jumapili nilitoka kanisani nikapanda bajaji. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani ambalo mdogo wangu alininunulia kwa ajili ya siku hiyo, na kwa sababu barabara yetu ina vumbi nilijifunga khanga kiunoni kulilinda. Nilidhamiria kuivua nikifika. Nilipofika, kelele za mahali pale zikanisahaulisha.

Sijawahi kuona watu wanakula katika kelele namna ile bila kuwa kwenye harusi. Kuta zilikuwa za rangi ya chungwa na buluu, zimetundikwa kofia kubwa kama ungo. Muziki ulikuwa wa tarumbeta. Wahudumu walikuwa vijana wenye fulana nyekundu, na kila baada ya muda mfupi walikusanyika kwenye meza ya mtu, wakapiga ngoma ndogo na kupayuka pamoja, kisha wakatawanyika kama hawakufanya kitu. Vikaango vya chuma vilipita vikitoa moshi na kulia chwaaa, na kila kikipita watu waligeuka kukitazama.

Mdogo wangu aliniona akanipungia. Mezani alikuwa na mama mmoja mnene wa kiasi, kitenge kimepigwa pasi mpaka mikunjo inaonekana, na mtoto wa kike wa miaka kama mitatu, mjukuu wake. Mchumba alikuwa kaunta akigombania kiti cha mtoto.

"Shikamoo mama," nikasema, nikapiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama," mdogo wangu akaanza, "huyu ndiye dada..."

Hapo hapo zile fulana nyekundu zikalipuka kwenye meza ya nyuma yetu na ngoma yao. Midomo ya mdogo wangu niliiona ikiendelea. Mie nilijua anasema nini, maana yalikuwa maneno juu yangu. Yule mama aliitikia kwa kichwa, akatabasamu, akasema, "Aa, dada! Karibu, dada. Kaa hapa karibu na mtoto."

Nikakaa karibu na mtoto. Nilifurahi. Niliona nimepokelewa.

Mchumba alirudi na kiti, akainama, "Shikamoo dada," nikaitikia. Mtoto akakikataa kiti, akanyoosha mikono kwangu, nikampakata. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kuliko nilivyoomba kanisani.

Kisha akaja mhudumu, kijana mchangamfu, mkono nyuma ya mgongo.

"Karibuni sana. Leo tuna tako za kuku, tako za ng'ombe, na tako za samaki."

Yule mama aliweka chini miwani yake. "Tuna nini?"

"Tako, mama. Za kuku, za ng'ombe..."

"Kijana, nyumbani una mama wewe?"

"Ninaye, mama."

"Naye unamwambia hivyo?"

Mchumba alikuwa ameinamia simu yake, masikio yamemwiva. Mdogo wangu alijificha nyuma ya karatasi ya vyakula, mabega yanatetemeka. Nani angethubutu kulitaja neno lile mbele ya mkwe? Mchumba akajaribu, "Mama, ni zile... ni kama chapati ndogo za mahindi, zimekunjwa, ndani zina nyama."

"Basi si aseme chapati." Akamgeukia tena kijana. "Na samaki. Samaki analo hilo?"

Ndipo mie nikashindwa. Kicheko kilinitoka puani, nikaziba kwa khanga, na yule mama aliponiona naye akaanza, akacheka machozi yakamtoka, akanipiga bega. "Umesikia, dada? Samaki!" Kuanzia hapo alinigeukia mimi katika kila jambo. Nikaona washenga hao, wamefika mlangoni.

Chakula kikaja, na kweli zilikuwa chapati ndogo zilizokunjwa. Kulikuwa na maharage yaliyopondwa, parachichi lililopondwa na kachumbari iliyosagwa, mpaka yule mama akauliza kama wapishi hawana meno. Nilimlisha mtoto. Alipochafuka, yule mama akasema, "Dada, kamnawishe," nikaenda kumnawisha. Niliporudi akasema, "Dada, mkatie nyama ndogo ndogo," nikakata. Sikuona neno. Mie maisha yangu yote ndiyo hayo. Watu wakila mbele yangu mikono yangu haitulii, na sahani ikiwa tupu naiweka juu ya mwenzake kabla sijajua.

Muziki ukabadilika, na mhudumu mmoja akatangaza mashindano ya kucheza kwa wachumba. Watakaoshinda wangepewa kitindamlo cha bure. Mdogo wangu alimvuta mchumba wake kwa mkono. Tukabaki mie, yule mama, na mtoto mwenye maharage kidevuni.

Akanisogelea. Kwa zile tarumbeta ilibidi kila mmoja aongee sikioni kwa mwenzake.

"Umekaa nao muda gani hawa watoto?"

"Tangu wanazaliwa, mama."

"Ee! Una moyo wewe. Wadada siku hizi hawakai."

"Ni kweli," nikasema. Nilidhani anasema dada wa kuzaliwa, wale wanaoolewa wakawaacha wadogo kwa bibi. "Wengine wanaona mzigo."

"Miezi miwili tu, kapata bwana, kaondoka. Na wewe hukuolewa?"

"Nilichumbiwa. Nikasema mpaka huyu wa mwisho amalize shule. Mwenzangu hakusubiri."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Na wanakuangalia vizuri?"

"Wananiangalia. Hata gauni hili kaninunulia yeye."

"Nimeona ana roho nzuri. Na mwanangu pia hana dharau, umeona alivyokuamkia? Wengine hawaamkii mtu kama wewe." Akaonja parachichi, akalisukuma pembeni. "Sasa niambie wewe unayekaa naye ndani. Kupika anajua?"

"Ugali wake bado una mabuja. Anajifunza."

"Asubuhi anaamka?"

"Jumamosi hapana."

Alicheka, akaniminya mkono. "Napenda mtu mkweli. Nikwambie kitu. Huyu akishaolewa, pale Temeke kazi itakuwa imeisha, sivyo? Binti yangu Mbezi, mama wa huyu unayempakata, anatafuta dada mtu mzima kama wewe. Hawa wasichana wadogo wamemshinda. Ukiwa tayari uniambie mimi, usipitie kwa mtu."

Mwanzo sikuelewa. Nilimtazama mdomo. Kisha maneno yote aliyoyasema nyuma yakajipanga upya kichwani mwangu, moja baada ya jingine. Dada kamnawishe. Dada mkatie nyama. Wadada hawakai. Mtu kama wewe.

Nikaitazama khanga iliyokuwa bado kiunoni, ina alama za vidole vya mtoto. Nikaziona sahani nilizokuwa nimezipanga mbele yangu, vijiko juu.

Mjini kwetu neno ni hilo hilo moja. Aliyekutangulia kuzaliwa ni dada, na anayelipwa kukufulia ni dada, na anayeongea haulizwi ni yupi, inajulikana tu kwa kumtazama mtu. Yeye alinitazama, akajua.

Nilifungua mdomo nimwambie. Hilo nataka lieleweke, kwamba mdomo niliufungua. Lakini aliwahi.

"Na huyo dada yao mkubwa, mbona hajafika? Mimi hasa nimekuja kwa ajili yake. Mwanangu kila siku ni dada yake hivi, dada yake vile, kawasomesha, kawasimamia. Nikasema huyo mwanamke nataka nimshike mkono."

Na mkono huo ulikuwa kwenye mkono wangu.

Ningesema ni mimi, ningemwaibisha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Mama mzima, mwenye heshima zake, ajue kwamba amemtuma kunawisha mtoto mtu aliyekuja kumwomba mke wa mwanawe. Lakini kulikuwa na nyingine chini ya hiyo, nami niliisikia. Huyo mwanamke aliyekuwa anamngoja alikuwa mrefu kuliko mimi. Alikuwa na mkoba na viatu vya kisigino na Kiingereza kidogo. Sikuweza kusimama mahali pake nikiwa na maharage mapajani.

"Yuko njiani," nikasema.

"Ana foleni?"

"Foleni."

Alimwita mhudumu, akaagiza sahani moja ibaki imefunikwa. Kisha akarudi sikioni kwangu. "Ni mtu wa namna gani? Nasikia mkali."

"Kawaida tu."

"Msomi?"

"Hakusoma sana, mama. Aliishia kidato cha pili." Nilikuwa naongea haraka, nitake nisitake. "Anashona makochi. Usitegemee makubwa. Ni mtu tu wa kukaa nyumbani na watoto, hata maongezi ya watu wakubwa hana. Ukimwona usishangae."

Mbona nilisema hivyo? Hakuniuliza hayo. Angekuja mtu mwingine kuniambia maneno hayo juu ya dada wa mtu nisiyemjua, ningemkemea. Lakini kumsema yule mwanamke asiyekuwepo kulikuwa rahisi, kama kuvua kiatu kinachobana. Nikaona hata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo inayoniunguza mpaka leo, kuliko kuitwa mfanyakazi.

Yule mama aliuondoa mkono wake. Nadhani hakupenda. "Hm," akasema. "Mtu anayekula kwa watu asiwaseme hivyo, dada."

Wale wawili wakarudi wanahema, jasho usoni, wameshinda. Mdogo wangu akajitupa kitini akiwa anacheka. Yule mama akamwambia, kwa upole, kama anayemtayarisha, "Mwanangu, dada yako mkubwa asione haya kuja. Hata kama hakusoma, hata kama ni fundi. Sisi si watu wa hivyo."

"Kuja wapi, mama?"

"Hapa. Si yuko njiani? Dada hapa ananiambia hakusoma, nisitegemee makubwa, ni mtu wa kukaa nyumbani na watoto."

"Dada gani kasema hivyo?"

"Dada wenu huyu."

Mchumba ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema polepole, "Mama. Dada ndiye huyu. Dada mkubwa ni huyu."

Yule mama aliniangalia, akaiangalia ile sahani iliyofunikwa, akaniangalia tena. Kisha akanyoosha mikono akamchukua mjukuu wake mapajani mwangu. Alimchukua kama mtu anayetua mzigo aliombebesha mtu asiyestahili kubebeshwa. Mapaja yangu yakabaki na ubaridi, na gauni la kijani likaonekana lote, na doa.

Mdogo wangu hakumtazama mama mkwe. Alinitazama mimi. Sikuona hasira ya mtu ambaye dada yake amedhaniwa mfanyakazi. Alikuwa anatazama mtu aliyemsikia akimsema dada yake vibaya.

"Wewe ndiye umesema?" akaniuliza. "Asitegemee makubwa?"

"Ni mie niliyekosea," yule mama akaingilia. "Mimi, mwanangu. Mimi ndiye niliyemtuma."

"Hapana, mama. Namuuliza yeye."

Nikashika vijiko.

Na hapo, kana kwamba haijatosha, zile fulana nyekundu zikatuzunguka na ngoma yao, kitindamlo cha ushindi, na moja ya zile kofia kubwa. "Mkubwa wa meza ni nani?" kijana akapaza sauti. Desturi yao ni kumvika mkubwa wa meza. Mchumba akamwonyesha mama yake. Yule mama akausukuma mkono wa mwanawe.

"Ni huyu," akasema, akaninyooshea mimi. "Mkubwa wa hapa ni huyu."

Wakanivika. Ilikuwa nyepesi kuliko ilivyoonekana, ikanishukia mpaka kwenye nyusi. Wakapiga ngoma, wakapayuka, watu wa meza za jirani wakapiga makofi, na mie nilikuwa nimekaa chini ya kofia ile macho yananichoma, namshukuru Mungu kwa ukingo wake maana ulinificha.

Yule mama aliinama akaingia chini ya ukingo pamoja nami. "Nilikuja kuomba kwako," akasema sikioni. "Nimekuomba vibaya. Sasa naomba vizuri. Wazee wetu waje, wasije?"

Nilijua mdogo wangu anasubiri. Nilijua pia kwamba sina haki ya kujibu kwa ile sauti ya *yuko njiani*. Nikajibu, "Waje," na kwa kuwa wakati huo huo ngoma ilikata ghafla, nililisema kama napiga kelele sokoni. Meza nzima ya jirani ikageuka.

"Jumamosi?" akauliza.

"Jumamosi, mama."

Alinishika mkono kama alivyosema atamshika yule mwanamke. Hatukula tena hata kidogo, wala hakuna aliyecheka, na aliponiaga alianza, "Haya, da..." akakwama, akaniita mama. Naye nilimwona haya yamemjaa, na najua nusu ya haya hayo nilimbebesha mimi kwa kutosema mapema.

Mchumba aliwapeleka Kimara. Mie na mdogo wangu tulitembea kwenda kutafuta bajaji, yeye mbele. Kwenye kona alisimama.

"Kosa la yule mama nimelielewa," akasema. "Watu wanakosea. Lakini wewe hukukosea, Dada. Ulikuwa unajua unamsema nani."

"Nilisema kweli. Sikusoma."

"Nani kakuuliza shule?" Sauti ilimpanda, mpita njia akatuangalia. "Mie ofisini watu wananiuliza nimelelewa na nani, najibu kichwa juu. Najibu kichwa juu! Kumbe nyumbani wewe mwenyewe unanionea haya."

"Sikuonei haya wewe."

"Sasa unamwonea haya nani?"

Tulipanda bajaji, tukatazama kila mtu upande wake mpaka Temeke. Nyumbani alichukua gauni lile akaliloweka mwenyewe, akanikatalia nilipotaka kulifua.

Siku zilizofuata aliongea nami ya lazima tu. Ijumaa usiku wa kuamkia washenga, akiwa anapanga vikombe, aliniambia bila kugeuka, "Baba mdogo akija kesho kutoka Kimbiji, atataka aongee yeye. Mwache aongee. Lakini wakiuliza binti ni wa nani, ujibu wewe. Usimtazame yeye ajibu."

"Sawa."

"Na usiingie jikoni. Chai nitaleta mimi."

Wakaja. Walikuwa wazee wawili, kofia mapajani, wamekaa kwenye kochi langu. Baba mdogo aliwakaribisha kwa maneno mengi mazuri. Kisha mmoja wao, mwenye mvi, akasema wamekuja kwa heshima kubwa, wameona ua katika nyumba hii, nao wangependa kumjua mwenye ua hilo, yaani binti huyu ni wa nani.

Baba mdogo alivuta pumzi. Mlangoni mdogo wangu alikuwa amesimama na sinia la vikombe, haingii.

"Ni wangu," nikasema.

Ilitoka ndogo. Mzee akaweka mkono sikioni, akaniinamia, "Samahani, umesemaje?"

Uso wangu ulikuwa wa moto kama siku ile, na mikono yangu ilikuwa inatafuta kitu cha kupanga. Niliikalia. Nikarudia kwa sauti ya kusikika.